Linki ya maikrowevu hupangwa kwa saa mbaya kuliko zote za mwaka

Wateja wengi wanaotufikia, wawe wenye hoteli za ufukweni, hospitali zenye matawi mawili, viwanda au vyama vya ushirika, huanza na swali moja: je, kutoka juu ya paa letu mnara wa upande wa pili unaonekana? Swali hilo ni la msingi, lakini jibu lake halitoshi kumfanya mtu atoe fedha anunue antena. Maikrowevu, yaani mawimbi ya redio yenye masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde) ya kuanzia gigahezi, yaani mitetemo bilioni, chache hadi makumi ya gigahezi, yanayotumwa kutoka dishi moja moja kwa moja hadi dishi jingine, hupita katika hewa isiyobaki vilevile mchana na usiku, kiangazi na masika. Linki, yaani kiungo cha mawasiliano kati ya madishi hayo mawili, iliyofungwa mwezi Agosti, mbingu zikiwa safi, itafanya kazi vizuri siku ya makabidhiano hata kama ilipangwa ovyo. Kazi ya mpangaji hupimwa kwa saa ile ya Aprili ambapo mvua imefunga pande zote, au kwa usiku ule mtulivu wa joto ambapo hewa ya juu ya bahari imejipanga matabaka.

Kwa sababu hiyo tunaeleza hapa namna tunavyoipanga linki kabla ya chochote kununuliwa, na mfano tutakaoutumia ni njia ambayo watu wa pwani wanaijua: kutoka Bagamoyo hadi Mji Mkongwe wa Unguja, takribani kilomita 44 kwa mstari ulionyooka, karibu zote zikiwa juu ya maji.

Katika umbali huo, kikwazo cha kwanza ni dunia yenyewe, kwa kuwa ni mviringo. Hewa ya kawaida huyapinda mawimbi kidogo kuelekea chini, jambo linalotusaidia, lakini hata baada ya kuuhesabu msaada huo, katikati ya njia uso wa bahari huwa umeinuka mita 28 na nusu kuliko mstari unaounganisha fukwe mbili. Juu ya mwinuko huo yahitajika nafasi nyingine, kwa maana mawimbi hayasafiri kama uzi mwembamba. Huchukua eneo pana kama yai refu kati ya antena mbili, ambalo huitwa eneo la Fresnel, kwa jina la mwanafizikia Mfaransa aliyelieleza. Kwa masafa ya gigahezi 7, nusu kipenyo cha eneo hilo katikati ya njia yetu ni karibu mita 22, na kanuni inayotumika sana ni kwamba angalau asilimia 60 yake iwe wazi, yaani mita 13. Jumla ni mita 41 na nusu juu ya maji, kabla hatujaongeza bahari inapojaa. Ndiyo maana mtu anaweza kusimama kwenye paa, akaiona kwa darubini ncha ya mnara wa ng'ambo, na bado linki yake ikawa dhaifu: jicho limepita, lakini eneo la Fresnel limezama nusu baharini.

Mpangaji makini haishii hapo. Zipo saa chache katika mwaka ambapo hewa huyapinda mawimbi kuelekea juu badala ya chini, na katika hali mbaya ya aina hiyo mwinuko uleule wa mita 28 na nusu huwa kama mita 57. Antena zikiwekwa mita 60 juu ya bahari pande zote mbili, mstari bado unapita, ingawa kwa shida. Zikiwekwa mita 45, hesabu ya siku ya kawaida inaonekana safi kabisa, na mteja hatajua kwa nini simu na mtandao hupotea usiku fulani halafu kurudi asubuhi bila fundi kugusa kitu.

Juu ya bahari kuna tatizo jingine ambalo kwa maoni yetu ndilo linalodharauliwa zaidi katika ukanda wetu. Maji ni kioo kwa mawimbi ya redio. Sehemu ya mawimbi hufika moja kwa moja, na sehemu nyingine hugonga bahari kisha ikafika ikiwa imechelewa kidogo mno. Kwa gigahezi 7 wimbi moja lina urefu wa sentimita 4 na ushei, kwa hiyo tofauti ya sentimita 2 tu katika urefu wa njia hizo mbili hutosha kuyafanya mawimbi yaliyokuwa yakisaidiana yaanze kufutana. Wakati wa bamvua, maji ya Unguja hupanda na kushuka karibu mita 4 kati ya kujaa na kupwa. Kwa antena zetu za mita 60, mabadiliko hayo peke yake huhamisha tofauti ya njia kwa zaidi ya sentimita moja, na hewa yenye matabaka huongeza sehemu iliyobaki. Linki inayokatika kwa kufuata mwandamo wa mwezi, ikawa mbaya siku za bamvua na nafuu siku za maji mafu, inaugua ugonjwa huu, na kubadilisha redio, yaani mtambo unaotuma na kupokea mawimbi, hakutauponya.

Tiba yake hupatikana kwenye mchoro. Mara nyingine tunapandisha antena ya upande mmoja na kuishusha ya upande wa pili, ili mahali ambapo mawimbi hugonga pasogee kutoka majini hadi ufukweni, kwenye mikoko au majengo yatakayoyatawanya. Pale ambapo haiwezekani, tunaweka madishi mawili ya kupokea kwenye mnara mmoja, moja juu ya jingine kwa mita kadhaa zilizokokotolewa kutokana na urefu wa antena, umbali na masafa, kwa kuwa ni nadra mawimbi kufutana mahali pote pawili kwa wakati mmoja. Dishi la pili ni gharama, na mteja ana haki ya kuuliza kama analihitaji kweli. Kwa njia ya nchi kavu yenye mabonde na miti, mara nyingi hahitaji. Kwa njia ya bahari ya kilomita 44, hatungeweka saini yetu bila hilo.

Baada ya njia kuwa wazi huja hesabu ya nguvu. Hutumia desibeli, ambapo kila desibeli 10 zinazopungua maana yake nguvu imebaki sehemu moja ya kumi. Kusafiri kilomita 44 kwa gigahezi 7 hupoteza desibeli 142. Redio ikitoa desibeli 27 juu ya miliwati moja, kila dishi la mita 1.8 likiongeza karibu 40, na viunganishi vikila 2, kinachofika upande wa pili ni takriban desibeli 37 hadi 38 chini ya miliwati moja. Tuseme redio ya mfano huu inahitaji mawimbi yasiyo dhaifu kuliko 66 chini ya miliwati ili itoe kasi yake kubwa, ambayo kwa mkondo wenye upana wa megahezi 28 ni megabiti 180 hivi kwa sekunde. Tofauti iliyopo, desibeli 28, ndiyo akiba ya linki, na ndiyo itakayoliwa na hewa, mvua na bahari. Redio za kisasa zina hekima ya ziada: hali ikichafuka hushusha kasi zenyewe na kubakia hewani, zikivumilia mawimbi dhaifu zaidi kwa desibeli 20 hivi. Hata hivyo lazima iamuliwe mapema ni kitu gani kitatangulia kasi inaposhuka. Hospitali itataka kumbukumbu za wagonjwa na simu za dharura zipite kwanza, na hoteli itataka malipo ya kadi yapite kabla ya video za wageni. Uamuzi huo ni wa mteja. Sisi tunauandika kwenye mitambo.

Mvua inastahili maelezo yake. Wapo wanaodhani mvua yoyote huikata linki, na wapo wanaouza redio wakisema mvua haina athari. Ukweli unategemea masafa. Mvua kubwa ya milimita 100 kwa saa, ambayo pwani yetu huiona katika masika japo kwa dakika chache, hupunguza mawimbi ya gigahezi 7 kwa chini ya desibeli 2 kwa kila kilomita. Mvua hiyohiyo hupunguza mawimbi ya gigahezi 18 kwa takribani desibeli 10 kwa kilomita, na yale ya gigahezi 80 kwa takribani 30. Kwa bahati njema mvua nzito namna hiyo hufunika kilomita chache tu kwa wakati mmoja, na haifuniki njia nzima. Kwa hiyo gigahezi 80, zenye kasi kubwa sana, zinafaa kuunganisha majengo mawili ya mjini yaliyotengana kwa kilomita moja, na hazifai kabisa kuvusha bahari. Gigahezi 18 zinafaa kwa kilomita chache hadi kumi na kidogo, kwa kutegemea akiba na uvumilivu wa mteja. Matone makubwa yanapoanguka hubapika ubavuni, hivyo mawimbi yanayotetemeka wima hayapungui sana kama yanayotetemeka kwa ulalo, na kwa linki za masafa ya juu tunachagua wima pale ruhusa ya masafa inapokubali.

Hapa ndipo tunapomwuliza mteja swali ambalo wengi hawajawahi kuulizwa: uko tayari kukosa mawasiliano kwa muda gani kwa mwaka? Asilimia 99.9 inasikika nzuri, lakini ni karibu saa 9 za kukatika. Asilimia 99.99 ni dakika 53, na asilimia 99.999 ni dakika 5 hivi. Kila hatua hudai madishi makubwa zaidi, minara mirefu zaidi au njia fupi zaidi. Ofisi inayofungwa saa kumi na moja jioni haina sababu ya kulipia dakika 5. Chumba cha upasuaji kinachotegemea ushauri wa daktari aliye mbali kina sababu, na tungekishauri kiwe na njia ya pili isiyotegemea mnara huohuo.

Ramani tunazoanza nazo hutokana kwa sehemu kubwa na vipimo vya rada vilivyochukuliwa na chombo cha anga za juu Endeavour mwezi Februari 2000. Zinaonyesha vilima vizuri, lakini haziaminiki kwa urefu wa miti, na jengo lililojengwa baada ya hapo halimo. Kwa hiyo lazima mtu atembee njia. Mnazi mkongwe huweza kupita mita 20, mwembe mzee vilevile, na ghorofa moja jipya mbele ya dishi humaliza kazi ya mwaka mzima. Tunapima miti, tunaongeza mita za kukua, na tunawauliza majirani wana mpango wa kujenga nini.

Kuhusu masafa tutakuwa wazi. Yale ya karibu na gigahezi 5 yasiyohitaji leseni ya peke yako ni rahisi kuanza nayo, na kwa shamba la mbali yanatosha. Ufukweni penye hoteli zilizobanana, kila jirani huyatumia, na hakuna wa kumlalamikia mkiingiliana. Kwa linki ambayo biashara inaitegemea tunaomba leseni ya masafa TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, na kwa mnara mrefu tunapata kwanza kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, kwa ajili ya usalama wa ndege. Maombi haya huchukua muda, kwa hiyo yaanze pamoja na mchoro, yasisubiri mitambo ifike bandarini.

Siku ya kufunga, karatasi ya hesabu hupanda mnarani pamoja na fundi. Dishi la mita 1.8 kwa gigahezi 7 hutoa mwale wenye upana wa nyuzi 1.7 tu, nao una miale midogo dhaifu pembeni. Fundi huzungusha bolti robo mzunguko, anasoma mita ya kupimia nguvu ya mawimbi, anazungusha tena, namba inapanda, kisha inaanza kushuka, naye anarudi palipokuwa juu na kukaza. Asiye na hesabu hushuka akiwa ameridhika. Mwenye hesabu anajua kwamba alitarajia 38 chini ya miliwati, na akisoma 58 anaelewa kuwa ameukamata mwale wa pembeni, wenye nguvu mara mia pungufu, na kwamba lazima azungushe dishi mbali zaidi hadi kilele kikubwa kionekane. Linki iliyoachwa kwenye mwale wa pembeni hufanya kazi kiangazi kizima na kufa katika mvua ya kwanza ya masika. Mnara nao uwe imara vya kutosha usijipinde kwa upepo wa kusi, maana nyuzi 0.8 tu za kupinda hupoteza nusu ya nguvu. Betri, sola, kinga ya radi na waya wa ardhini tutaviandikia makala yao.

Tunakataa kazi pia. Ikiwa mkongo wa faiba unapita mita mia kadhaa kutoka langoni kwako, chukua faiba. Ikiwa unahitaji linki, tuletee namba za latitudo na longitudo za pande zote mbili kama simu yako inavyozisoma ukiwa umesimama pale antena itakapokaa, urefu wa jengo au mnara, kasi unayohitaji leo na unayotarajia baadaye, na jibu lako kuhusu dakika za kukatika. Utakachopokea kabla ya kulipia kifaa chochote ni mchoro wa njia, hesabu ya nguvu yenye akiba iliyoandikwa kwa desibeli, masafa yanayopendekezwa na urefu wa kila antena. Karatasi hizo ni zako, hata ukiamua kumpa kazi ya kufunga fundi mwingine, na siku ya makabidhiano mtake akuonyeshe kwenye mita namba iliyoandikwa humo.