Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Hali ya Soko la Nyumba Jijini Mbeya

Ndugu madalali wanachama,

Mwaka huu makaratasi ndiyo yaliyochelewesha nyumba kuuzika kuliko bei. Mnunuzi yupo, fedha anayo, nyumba ameipenda. Akiomba kuona hati anapewa karatasi ya mauziano ya mtaani yenye jina la marehemu baba wa muuzaji. Hapo biashara inalala miezi kadhaa, maana mtoto hana mamlaka ya kuuza mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi. Muuzaji mwenye ndoa naye alete ridhaa ya mwenza kwa maandishi kabla ya kupokea kishika uchumba, yaani malipo ya awali ya mnunuzi, asingoje siku ya kusaini.

Upanuzi wa barabara kuu kwa njia nne, kati ya Nsalaga na Ifisi, umewafanya wauzaji wa kandokando wapandishe bei. Wana sababu, ila pimeni kwanza. Kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Nyoosheni tepu mpaka kwenye kibaraza, kisha mthibitishe TANROADS, wakala wa barabara. Kiwanja kikiingia ndani ya hifadhi, mnunuzi aambiwe siku ya kwanza.

Tangu tope la Mlima Kawetere lifukie nyumba kule Itezi Aprili 2024, wanunuzi wanauliza habari za mteremko na maji, na wana haki kabisa. Nyumba ya chini ya mlima ionyeshwe wakati wa mvua. Anzeni na ukuta wa nyuma unaotazama mlima: ukungu mweupe wa chumvi juu ya msingi ni unyevu unaopanda kutoka ardhini, na rangi mpya iliyopakwa nusu mita ya chini peke yake ni ya kuuficha. Ufa wa mshazari kwenye kona ya dirisha ukipitisha sarafu, shukuni msingi umetitia. Wekeni alama ya penseli na tarehe kwenye ncha ya ufa, mrudi baada ya mvua kubwa. Karibu na mto, kumbukeni mita 60 kutoka ukingoni ambazo Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza kuendelezwa.

Kodi bado inaleta ugomvi mwingi usio wa lazima. Muuzaji hulipa asilimia 10 ya faida. Tangu Julai 2023, asiye na kumbukumbu za gharama hulipa asilimia 3 ya bei ya mauzo au ya thamani iliyoidhinishwa, iliyo kubwa. Nyumba ya kupangisha iliyogharimu shilingi 48,000,000 ikiuzwa 60,000,000, mwenye risiti za saruji, mabati na fundi analipa 1,200,000. Asiye nazo, 1,800,000. Ushuru wa stempu, asilimia 1, kwa kawaida hubebwa na mnunuzi. Kuandika bei ndogo kwenye mkataba hakusaidii: ripoti ya mthamini huiumbua, na mnunuzi akija kuuza, faida yake kwenye karatasi inaonekana kubwa mno.

Kamati ya utendaji inaleta pendekezo moja la kupigiwa kura leo: dalali mwanachama asishike kishika uchumba mkononi mwake. Fedha ziingie akaunti ya muuzaji baada ya upekuzi wa umiliki kwa Msajili wa Hati na baada ya deni la kodi ya pango la ardhi kulipwa, na mkataba utaje siku ya kuzirudisha iwapo uhamisho utakwama.