Kuna mtu anatoka baada ya miezi mitatu

Ndugu yangu,

Habari za siku nyingi, za nyumbani, za karakana? Najua nimekaa kimya mno, simu zako mbili niliziona nikasema nitapiga jioni, jioni ikawa mwezi. Nisamehe. Mwalimu kaniambia mgongo wako umepata nafuu, nimefurahi kweli. Shangazi anakusalimu na anasema bado anaisubiri bawaba ya geti lake, mimi nimefikisha tu.

Haya, nakuandikia kwa sababu kuna mtu anatoka jela, na nataka umjaribu kwenye karakana yako ya kuchomelea. Si nilikwambia siku hizi kila Alhamisi naingia jela na kile kikundi cha Mwalimu, tunakaa na wale waliobakiza miezi michache? Sasa kuna mmoja, humu simtaji jina, ana miaka tisa ndani na kabakiza mitatu, miezi yaani. Kuchomelea kajifunzia humohumo na mkono anao, hadi askari anayesimamia karakana yao humwachia kazi za vipimo. Juzi nikamuuliza kitu chepesi tu, siku ile ukitoka utalala wapi? Akanyamaza. Akaangalia chini muda mrefu halafu akasema "labda nitamtafuta mtu". Miaka yote tisa hakuna aliyewahi kumuuliza hilo. Tangu siku hiyo usingizi wangu si mzuri.

Na kinachoniuma ni kwamba hii siyo hisani ya mtu, imeandikwa. Umoja wa Mataifa wana kanuni za kuwatendea wafungwa, za kwanza ni za 1955, zikapitishwa upya 2015 zikaitwa Kanuni za Nelson Mandela. Ya 107 inasema maisha ya mtu baada ya kutoka yafikiriwe tangu siku anaanza kifungo. Tangu anaanza, siyo wiki ya mwisho wakati anarudishiwa nguo zake! Na ya 108 imetaja mpaka vitu vyenyewe, awe na hati na vitambulisho, awe na mahali pa kukaa na kazi ya kwendea, nguo zinazofaa kwa majira, na uwezo wa kufika anakokwenda na kujikimu zile siku za mwanzo. Niliwasomea wale wenzetu, mmoja akaniomba nirudie hapo pa kitambulisho. Chake muda wake ulipita akiwa ndani, na bila hicho hapati laini ya simu, hafungui akaunti, hapangi chumba. Kwahiyo sasa Alhamisi zetu nusu yake ni kujaza fomu, na sioni kama tunapoteza muda hata kidogo.

Vitu vingine huwezi kuvijua mpaka ukae nao. Kinyozi (unamkumbuka alivyokuwa mwepesi wa kila kitu) alinisimulia kwamba wiki ya kwanza uraiani alikuwa akifika mlangoni anasimama tu, anangoja mtu amfungulie. Miaka kafunguliwa na kufungiwa, mkono umesahau kitasa. Kula saa ngapi, kuoga saa ngapi, kulala saa ngapi, vyote alikuwa anaamuliwa, halafu siku moja asubuhi anaambiwa nenda, amua yote mwenyewe, na simu ina neno la siri na kila mtu ana haraka. Ndiyo maana sisi tunawapa vitu vidogo vya kuamua, nani aanze kuongea leo, hela ya wiki ya kwanza aigawe vipi, atamwambiaje mtoto aliyemwacha ananyonya na sasa yuko darasa la nne. Hilo la mtoto ndilo linalowaliza wanaume wazima.

Tena hizo siku za mwanzo ndizo hatari yenyewe. Kuna utafiti ulitoka 2007, walifuatilia watu zaidi ya 30,000 waliotoka magereza ya jimbo la Washington kule Marekani, wakakuta katika wiki mbili za kwanza hatari yao ya kufa ilikuwa karibu mara 13 ya watu wengine wa jimbo hilo. Wiki mbili tu! Kilichoongoza ni dawa za kulevya, mwili umekaa bila ile kitu umeshaisahau, mtu anarudia kipimo chake cha zamani, basi. Niliposoma nikafikiria ni wangapi wanatoka getini peke yao na mfuko wa plastiki. Mtu anayetumia dawa za kifua kikuu au za virusi vya ukimwi anatakiwa atoke na dozi mkononi na ajue kliniki anayoendea. Siyo jambo kubwa kulipanga, ila lazima awepo mtu wa kulipanga.

Turudi kwa huyu wangu. Najua unachowaza, unawaza zile mashine zilizopotea. Una haki kabisa, ulijinyima miaka kuzipata na mimi nilikuona ulivyokonda. Siwezi kukuahidi mambo ya moyo wa mtu mwingine. Ninachoweza kukwambia ni nilichokiona, huyu bwana miezi minane hajakosa Alhamisi hata moja, na kosa lake analisema kama lilivyo, halipunguzi. Ameomba akueleze yeye mwenyewe uso kwa uso, hataki ulisikie kwangu. Na yule aliyeumizwa na kosa hilo pia anamtaja, anauliza kama inafaa kuandika barua au kumwacha kwa amani, kwa hilo tumemwambia asikurupuke kwanza, asije akamfungulia mtu kidonda.

Hata hizo takwimu zinaniunga mkono, RAND, taasisi ya utafiti ya huko Marekani, walikusanya tafiti nyingi za nchi hiyo 2013 wakaona waliosoma wakiwa gerezani uwezekano wao wa kurudi gerezani ni pungufu kwa asilimia 43 kuliko wasiosoma. Ila ufundi bila mtu wa kukupa kazi unakufa. Cheti anacho, na tulipigania kisiandikwe jina la gereza maana kikiandikwa anayekisoma anaishia hapohapo. Sasa anahitaji sehemu ambayo watu wataangalia weldi yake kabla ya kuangalia historia yake, na mimi sehemu hiyo naijua moja tu.

Sikuombi umwajiri moja kwa moja. Naomba umjaribu mwezi mmoja, umlipe kama unavyomlipa kijana mwingine anayeanza, siyo chini. Na kabla hajatoka uje nami Alhamisi moja tu umwone, maana mtu akitoka huku anajua Jumatatu kuna anayemsubiri saa mbili asubuhi, hata hatua zake za getini zinakuwa nyingine. Chumba Mwalimu anahangaikia, na siku yenyewe nitakuwa getini mimi, hilo nimeshamuahidi.

Sasa niambie, Alhamisi ipi unaweza? Wale vijana wako wawili uwaambie mapema au tungoje wamzoee kwanza, wewe unaonaje? Mama watoto atasemaje, niongee naye mimi? Una miwani ya kuchomelea ya ziada au nitafute? Na ile kazi ya mageti ya shule umeipata au bado inazungushwa? Na mgongo, kweli umepoa au ulimdanganya Mwalimu?

Nijibu hata mistari miwili. Hata kama ni hapana niambie mapema, nipate muda wa kumtafutia kwingine.

Ndugu yako wa siku zote