Katuni za kuchora kwa mkono hazijafa, acheni kuzizika

Ndugu Mhariri, salaam.

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua nijibu ile makala ya burudani ya Jumamosi iliyopita, ile iliyosema kompyuta imeshinda na katuni za kuchora kwa mkono zimebaki za makumbusho kwa sababu eti watazamaji wenyewe wamezikataa. Makala ilikuwa tamu kusoma, sikatai, ila hilo la watazamaji kuzikataa limenikwama kooni maana sio kweli, na vijana wetu wanaojifunza animesheni hapa mjini wakilimeza hivyo hivyo watapotea mapema.

Mwandishi wenu kaanza na Toy Story ya 1995, filamu ndefu ya kwanza iliyotengenezwa yote kwa kompyuta. Sawa kabisa. Lakini mbona hakujiuliza kwanini Pixar, studio iliyoitengeneza, walichagua midoli na sio watu? Kompyuta za wakati ule zilikuwa zinaweza plastiki, kitu kigumu chenye mng'ao, ila ngozi ya binadamu na manyoya zilikuwa zinawatoa jasho, muangalieni yule mtoto Andy na yule mbwa wa jirani mtaona, mdoli anapendeza kuliko mwenye mdoli. Jamaa walijua chombo chao kinapoishia wakatafuta stori inayoendana nacho. Na muongozaji mwenyewe, John Lasseter, alianzia Disney akichora kwa penseli na karatasi, kwahiyo hata hiyo kompyuta mnayoisifia ilifundishwa kutembea na watu wa penseli.

Sasa hicho kifo mnachokisema kilivyotokea ni hivi. Shrek, ya kompyuta, ilitoka 2001 ikapiga hela, mwaka uliofuata ikachukua Oscar ya kwanza kabisa ya katuni ndefu. Wakati huo huo filamu kadhaa za kuchora zikaanguka, Treasure Planet ya Disney ya 2002 ilimeza dola milioni 140 na hazikurudi, Sinbad ya studio ya DreamWorks ya 2003 nayo chali, mpaka bosi wao Jeffrey Katzenberg akatamka kwamba stori za kizamani kwa uchoraji wa kizamani huenda ndo basi tena. Mabosi wakaangalia hesabu wakasema tatizo penseli. Pilau ikikosa chumvi unalaumu sufuria? Tena hiyo Treasure Planet yenyewe ilijaa kompyuta humo ndani, ule mkono wa chuma wa yule haramia Silver ni kompyuta, mbona kompyuta haikuiokoa na haikulaumiwa.

Na ushahidi uko wazi. Mwaka ule ule wa 2002 studio ya Disney ya kule Florida ilitoa Lilo & Stitch, bajeti dola milioni 80 tu, ikarudisha zaidi ya 270. Mandhari yake ya nyuma yamepakwa kwa rangi ya maji, mambo ambayo Disney walikuwa wameyaacha tangu enzi za Dumbo ya 1941, ndo maana ile Hawaii inaonekana laini vile, kama karatasi bado mbichi. Watu walijaa ukumbini. Halafu Januari 2004 studio hiyo hiyo ikafungwa. Yaani mtu analeta faida anafukuzwa kazi, alafu nyie mnaandika kaacha mwenyewe!

Baadae wakajifanya kurudi, wakatoa The Princess and the Frog 2009, kisha Winnie the Pooh 2011, na hiyo ya pili wakaipanga iingie kumbi za Marekani siku moja na Harry Potter ya mwisho. Siku moja! Mtu anayekutakia mema hakupangii hivyo. Tangu hapo studio yao kubwa haijatoa tena filamu ndefu ya kuchora.

Ila naomba tuje kwa Simba, maana hapo na sisi tumo, majina mengi yametoka kwetu na baadhi ya waliotengeneza walikuja mpaka Kenya kuangalia nchi na wanyama kabla ya kuanza kazi. The Lion King ya 1994 imechorwa kwa mkono, ya 2019 ni kompyuta mwanzo mwisho, muongozaji Jon Favreau alisema kuna picha moja tu ya kamera ya kweli humo ndani, lile jua linalochomoza mwanzoni. Na bahati nzuri Mufasa, baba yake Simba, kote kuwili ni sauti ya mzee yule yule, James Earl Jones. Sauti ile ile, stori ile ile, kilichobadilika ni sura. Hakuna mtihani mzuri wa jambo hili kuliko huo.

Kaeni muangalie sehemu moja tu, baada ya nyumbu kupita, vumbi linatulia na Simba mdogo anamkuta baba yake amelala, amekufa. Kwenye ile ya kuchora nyusi zinapanda katikati, macho yanakuwa makubwa yanajaa maji, anavuta sikio la baba, mdomo unatetemeka, kisha anajisokota chini ya mkono ule mzito ambao haumkumbatii. Hakuna simba duniani mwenye nyusi za namna ile, lakini hakuna mtoto aliyeangalia akahitaji kuelezwa kinachoendelea, hata lugha asipoijua. Sasa wekeni ile ya 2019. Manyoya mazuri sana, unaweza kuhesabu unywele mmoja mmoja, vumbi la kweli, mwanga wa kweli, na sauti ya mtoto inalia kweli kweli, ila sura imetulia kama paka anayesubiri dagaa. Sio kwamba waliotengeneza hawajui kazi, wanajua sana, ila wameshajifunga kwamba simba awe simba wa kwenye vipindi vya wanyama, na simba wa kweli hanyanyui nyusi.

Scar, yule ami yake Simba mwenye roho mbaya, ndo kaonewa zaidi. Yule wa 1994 alichorwa na Andreas Deja, ana ile tabia ya kuongea huku anaangalia kucha zake, mdomo unapinda upande mmoja kama anaonja kitu kichungu anachokipenda, sauti ya Jeremy Irons unaiona usoni kabla hujaisikia. Na ule wimbo wake na fisi wanaopiga gwaride kwenye moshi wa kijani, kwenye ile mpya umekatwakatwa umebaki kama hotuba, maana huwezi kuwapigisha gwaride fisi wa kweli bila watu kucheka.

Najua mtanijibu kwa hela, kwamba ya 2019 iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.6. Kweli iliingiza. Lakini watu walilipa kwenda kumuona nani? Walikuwa wanamfuata yule wa kuchorwa waliyekua nae, wakawapeleka na watoto wao. Lilo & Stitch mpya ya 2025 hadithi ni ile ile, imepita bilioni moja kwa kutembelea jina lililojengwa na wale wachoraji wa Florida waliofungiwa mlango.

Sasa msinielewe vibaya nikaonekana mzee anayechukia mashine. Wale nyumbu wanaoteremka korongoni kwenye filamu ya 1994 ni kompyuta. Kuchora mamia ya nyumbu kila mmoja anakimbia kivyake kwa mkono isingewezekana, wakatunga programu ya kuwakimbiza bila kugongana, kazi ya zaidi ya miaka miwili kwa dakika chache, kisha wakawatia mistari na rangi wafanane na michoro, na Simba aliyekuwa katikati yao kachorwa kwa mkono. Hata kupaka rangi, Disney walishahamia kwenye kompyuta toka The Rescuers Down Under ya 1990. Upande wa pili nako hivyo hivyo, Moana ya 2016 mnaihesabu ya kompyuta lakini zile tatuu zinazotembea kwenye mwili wa Maui zimechorwa kwa mkono na Eric Goldberg, yule yule aliyemchora Jini wa Aladdin. Kwahiyo hivyo vita mlivyovieleza, kambi hii na kambi ile, mimi sivioni. Ninachokiona ni wenye studio wanaochagua kipi kionekane cha kisasa.

Na Japani hawakupewa taarifa ya msiba. Muongozaji wao mzee Hayao Miyazaki alichukua Oscar 2003 kwa Spirited Away akaja kuchukua nyingine 2024 akiwa ameshapita miaka 80, zote za kuchora. Filamu iliyoongoza kwa mapato dunia nzima mwaka 2020 ilikuwa ya kwao, Demon Slayer: Mugen Train, ina kompyuta ndani ndio, ila wahusika wamechorwa. Ukitoka hapo nenda kibanda umiza chochote uwaulize vijana Naruto, yule ninja wa katuni za Kijapani, ni nani, wengine wana picha yake kwenye bodaboda. Hao ndo watazamaji waliokataa katuni za kuchora?

Kinachoniumiza hasa ni hapa nyumbani. Mpwa wangu kasoma animesheni kwenye chuo kimoja hapa mjini, sikitaji, ada sio ndogo, na toka siku ya kwanza ni programu tu, fungua hii bonyeza pale, hakuna aliyemwambia achukue daftari akakae stendi achore watu wanavyotembea. Sasa ana laptopu inayochemka kama pasi, anairenda, yaani inamtolea picha moja moja, usiku kucha akiomba umeme usikatike, na asubuhi mtu wake anatembea kama yuko kwenye sabuni, miguu inateleza, bega halishuki mguu unapokanyaga, uzito haupo. Nilipomuuliza kwanini hakujaribu kuchora kwanza akaniambia mwalimu alisema kuchora kumepitwa na wakati. Haya, hiyo ndo kazi ya makala kama yenu.

Kuchora filamu nzima kwa mkono ni kazi ngumu, hilo nakubali. Sekunde moja ya filamu ni fremu 24, yaani picha 24, mchoraji akiokoa nguvu akatumia mchoro mmoja kwa fremu mbili bado ni michoro 12, filamu ya dakika 80 ni michoro 57,600 na hapo nimehesabu mhusika mmoja tu asiyepumzika. Hela hiyo sisi hatuna. Kwahiyo kompyuta tutaitumia, tena tuishukuru, ile Flow ya Latvia, filamu ya paka, iliyochukua Oscar 2025 imetengenezwa kwa Blender, programu ya bure ambayo hata mpwa wangu anayo kwenye hiyo pasi yake. Ila muangalieni yule paka anavyojikunja na kurudi nyuma akiogopa maji, aliyemtengeneza ameangalia paka kwanza. Hafanani na paka wa picha kabisa, kama amepakwa kwa brashi, na hakuna neno hata moja linalosemwa.

Na sisi mfano tunao jirani hapa. Tinga Tinga Tales, katuni ya watoto, ilitengenezwa Nairobi kwa kompyuta, BBC wakaanza kuionyesha kwa watoto wao 2010, na kila mnyama humo ana madoa na rangi kali za Edward Tingatinga, mtu wetu aliyekuwa anauza picha zake Oyster Bay akipaka kwa rangi za kung'aa za baiskeli. Mkono wa mtu aliyefariki 1972 unaonekana kwenye kila fremu. Wangetaka twiga wa kweli wangemaliza bajeti kwenye shingo tu.

Kwahiyo Mhariri, safari ijayo mwandishi wenu akiandika habari hizi awatafute na vijana wa hapa wanaochora, wapo Dar, wapo Arusha, na wale wazee wa katuni za magazeti waliotulea na kina Ndumilakuwili na Lodi Lofa kwenye jarida la Sani, awaulize mstari mmoja wa nyusi unafanya kazi gani.

Na lingine dogo. Ile picha kubwa ya simba mliyoiweka juu ya makala, maelezo yake yamesema ni ya 1994. Sio, ni ya 2019, manyoya tu yanatosha kuonyesha. Rekebisheni toleo la Jumamosi, na kama nafasi ipo wekeni zote mbili sambamba, hapo hapo Simba alipo na baba yake, msiandike kitu chini yake.

Msomaji wenu,
Tabata, Dar es Salaam