Niliwaambia vijana wangu wafuate lengo la kampuni, wakakosa bonasi. Nifanyeje?

Habari zenu ndugu zangu. Naombeni mnivumilie maana ni ndefu kidogo, ila hili jambo nimekaa nalo moyoni wiki ya tatu sasa na usingizi wenyewe siupati vizuri.

Naongoza timu ya huduma kwa wateja, tuko 11 pamoja na mimi. Kampuni inauza programu ya kuendeshea biashara, mambo ya stoo, mauzo, ankara, na mteja analipia kila mwezi, kwa hiyo akikaa tunapona, akiondoka ndo tumempoteza na kumpata mwingine ni kazi. Mwanzoni mwa mwaka bosi mkubwa alituita wote akasema mwaka huu lengo ni moja tu, mteja tuliye naye asiondoke. Nilifurahi kweli, maana sisi wa simu ndo tunaowasikia wakiaga.

Baada ya hapo yakaletwa mambo ya OKR, yaani utaratibu wa kuandika malengo na matokeo ya kuyapimia, kila mkuu wa idara ajaze malengo yake kwenye shiti. Kila mtu akaenda kujifungia kwake akajaza. Mauzo wakaweka idadi ya wateja wapya. Watu wa programu wakaweka idadi ya vitu vipya watakavyotoa. Ya kwetu nilikuta yameshajazwa kutoka juu, tiketi ngapi zifungwe kwa siku (tiketi ni tatizo la mteja tunaloliandika kwenye mfumo) na simu moja isizidi dakika 6. Siku moja nikakaa nikayahesabu, malengo 43 kwenye lile shiti, na hakuna hata moja linalouliza kama mteja amekaa au ameondoka. Nilikaa kimya, na hilo naliona ni kosa langu kabisa.

Sasa kinachotokea ni hiki. Muuzaji anatafuta namba zake, anamwahidi mteja kitu ambacho programu haifanyi, mteja anasaini, muuzaji anapata kamisheni yake. Wiki ya pili mteja anapiga kwetu. Kijana wangu ana dakika 6, anampa maelekezo ya juu juu anafunga tiketi, kesho yake mteja kapiga tena kwa tatizo lilelile, inafunguliwa tiketi nyingine nayo inafungwa, zimehesabiwa mbili! Kwenye ripoti idara zote tuko kijani, na yule mteja mwezi wa tatu kashahama.

Robo ya mwaka iliyopita nikasema hapana. Nikawaambia vijana kaeni na mteja mpaka tatizo liishe hata kama ni saa nzima, na baada ya siku mbili mpigieni wenyewe mumuulize. Kuna mmoja alilichukua hili kwa moyo wote. Alikuwa na mteja aliyekuwa ameshaandika barua ya kuacha, hesabu za stoo zake hazilingani na anachokihesabu kwa mkono, kijana akakaa naye siku nne wakapitia ingizo moja moja mpaka wakagundua kuna bidhaa zilikuwa zinaingizwa kwa katoni na kutolewa kwa kipande. Mteja akafuta barua yake akalipia mwaka mzima. Yaani lengo la kampuni lenyewe ndo hilo.

Robo ilipoisha, yule kijana ndo alikuwa na tiketi chache kuliko wote. Bonasi hakupata, na wenzake wanne wakakatwa. Akaja mezani kwangu, wala hakuwa na hasira, akaniuliza, "Dada, si ulisema tufuate lengo la kampuni?" Sikuwa na cha kumjibu. Nilienda HR nikaambiwa mfumo ndo umesoma hivyo. Bosi wangu naye akasema lengo ni lilelile ila namba ni namba, tutaangalia mwakani.

Nikaanza kusoma mwenyewe usiku. OKR zilianzia kampuni ya Intel miaka ya 1970 kwa kiongozi wao Andy Grove, halafu mwekezaji John Doerr akazipeleka Google mwaka 1999, na kule kwenye lengo gumu ukifika asilimia 70 wanaona umefanya vizuri, na wanasema wazi kwamba OKR sio kitu cha kumpimia mtu kazi yake. Sisi tukachukua jina halafu tukalifunga kwenye mshahara wa mtu. Wajapani nao wana utaratibu wanauita hoshin kanri, lengo linashuka kutoka juu, wa chini wanalirudisha na maoni yao, linarushwa huku na huku kama mpira mpaka pande zote zikubaliane. Hapo ndo nilijiona. Mpira ulirushwa kwangu nikaudaka nikakaa nao.

Nimemwomba mtu wa uhasibu orodha ya walioacha robo iliyopita nikailinganisha na tiketi zetu. Kati ya 20 walioondoka, 14 walikuwa wametupigia zaidi ya mara tatu kwa tatizo lilelile. Hii karatasi ninayo kwenye droo.

Ninachofikiria ni kuomba idara tatu, mauzo, programu na sisi, tupewe namba moja ya pamoja: wateja waliosaini, wangapi bado wapo baada ya miezi sita. Na sehemu ya kamisheni ilipwe mteja akishakaa. Ila hapo nagusa riziki za watu. Mkuu wa mauzo tunaheshimiana sana, vijana wake wanaishi kwa ile kamisheni, na mimi ningekuwa kwake ningeuza hivyohivyo. Nikiitoa hii karatasi kikaoni mbele ya bosi ataona nimemchongea.

Naombeni ushauri kwa mliopitia haya. Nimfuate kwanza mkuu wa mauzo pembeni, tuongee wawili, au niende kwa bosi na hiyo karatasi? Na hizi wiki tano zilizobaki kwenye robo hii timu niiambie nini? Nusu yao wamesharudi kwenye dakika 6 kimyakimya, naona kwenye mfumo, na siwezi kuwalaumu, wana kodi za kulipa. Nikiwaambia waendelee kukaa na mteja nitakuwa nawapunguzia kipato kwa mara ya pili huku nikijua, na nikisema warudi kwenye namba, wale wateja ninaowasikia kila siku ndo basi tena.

Jumatatu saa tatu asubuhi nina kikao nao na yule kijana atakuwepo, nataka nikiingia pale niwe na jibu lake.