Taarifa ya mwaka ya Mwenyekiti: gari zetu, njia ya miguu na mtaro

Majirani zangu, habari za siku. Ya hela atawasomea mweka hazina, taa ya kona inawaka, mlinzi wa usiku bado tunaye, hayo nayapita. Mwaka huu nina jambo moja, hizi gari tunazopaki juu ya njia ya miguu na pale pembeni kwenye majani.

Chanzo tunakijua. Viwanja vya hapa kwetu Sinza, Dar es Salaam, vilipimwa miaka ya 1970, vidogo vidogo, enzi hizo gari mtaani ni za kuhesabu, leo nyumba moja ina wapangaji wanne na watatu wana vigari vyao vya IST, uani hazienei, mbele kuna fremu za duka, basi gari inapanda pembeni. Naelewa kabisa. Lakini jamani pale siyo kiwanja cha mtu, ni hifadhi ya barabara, ni petu wote.

Masika hii mmeona wenyewe. Tairi zimesaga majani yakaisha, ukabaki udongo mtupu, mvua ikausomba wote mpaka mtaroni, na zile slabu mbili za kufunika mtaro zilizovunjwa na kirikuu, kile kigari cha mizigo, zikatumbukia humo humo, mtaro ukaziba maji yakaenda kwa jirani yetu wa kule chini. Nilifika asubuhi nikamkuta anachota maji sebuleni kwa beseni, godoro la watoto limeegemezwa ukutani linachuruzika. Gari zilizosaga yale majani zinapakiwa nyumba ya tano kutoka kwake, na wenyewe wala hawakujua.

Halafu kuna bibi yetu anayetembelea fimbo. Jioni moja nilimsindikiza dukani, kutoka kwake mpaka pale alishuka barabarani mara sita kukwepa gari, na kila akishuka bodaboda inampitia kwenye kiwiko. Mara sita, njia fupi ile! Iliniuma sana.

Tumepita nyumba kwa nyumba, wengi wameelewa, na kuna wawili wenye uwanja mkubwa wamekubali gari za majirani zilale ndani kwao, Mungu awabariki. Wanaopanga mawe makubwa ili wengine wasipaki, naomba myatoe, gizani yanaangusha watu. Gari la taka nalo lilishawahi kugeuza kwa kukosa pa kupita, sasa moto ukiwaka usiku tukapiga 114, zimamoto watapita wapi?

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ile ile ya usafi, saa moja asubuhi tunazibua mtaro, tunarudishia slabu na kupanda ukoka upya. Simenti imeshanunuliwa. Kila nyumba ije na chepe au viroba, na tafadhali Ijumaa usiku gari zote ziwe zimeshatoka pembeni.