Huyu dogo wa chesi ya dakika tatu msimnyang'anye simu, mpeni na ubao

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, najua mnabana maneno ila hili nimelibeba tangu mwezi wa nane na leo nimeona bora niliandike lote.

Hapa kwetu Nkuhungu kuna kijana nilimfundisha hesabu kidato cha tatu na cha nne, sa hivi ana kibanda cha kutengeneza simu. Anacheza chesi mtandaoni, ile ya haraka, dakika 3 kila mtu, na jioni wateja wakipungua ukipita utamkuta kichwa kimeinama vidole vinatembea. Kwenye Lichess, tovuti ya kucheza chesi, pointi zake za blitzi, yaani hiyo chesi ya haraka, zimepita 2200. Mama yake akanifuata nyumbani Jumapili baada ya ibada akaniambia, "Mwalimu, wewe anakusikiliza, mwambie aache hii michezo ya simu, bando linaisha na usiku halali." Nikamwahidi nitaongea naye. Nikaenda pale kibandani nikavuta stuli nikakaa nyuma ya bega lake, karibu kila jioni kwa wiki tatu, na nilichokiona ndo kimenifanya nikuandikie, maana najua wako wengi kama yeye, UDOM wapo, Singida wapo, na nyumbani kwao watu wanadhani ni kamari.

Mama, kama unasoma hii, sio kamari. Na wala sio bahati.

Mwaka 1973 wataalamu wawili wa Marekani, William Chase na Herbert Simon, waliwaonyesha wachezaji wa chesi ubao wenye kete kwa sekunde 5 tu, wakaufunika, wakawaambia haya upangeni upya kwa kichwa. Aliye fundi wa chesi akapanga kete nyingi sahihi kuliko anayejifunza, kwa mbali sana. Halafu wakamwaga kete ovyo ovyo kwenye ubao, sio mpangilio wa mchezo wa kweli, wakarudia, na hapo fundi akawa karibu sawa tu na yule anayejifunza. Maana yake kichwa cha fundi sio kamera, ni stoo ya mafungu ya picha alizokwisha kukutana nazo, akiona fungu analijua na dawa yake inakuja yenyewe. Mbona ndo kazi yake huyu kijana mchana kutwa, unamletea simu haichaji anaifungua anaangalia kidogo tu anagusa sehemu moja anakwambia tatizo liko hapa, wakati mimi na wewe tunaona vidude vidogo vimejazana. Hata wazee wa drafti kule soko la Majengo hawahesabu kila kitu, wanaona.

Kwa hiyo hilo la kwanza analo na analo kwelikweli. Farasi wa mpinzani akisogea kona mbaya anajua kabla hajaachia kidole. Mfalme akifungiwa nyuma ya poni zake tatu, zile kete ndogo, bila tundu la kupumulia anaona mati, yaani mfalme kunaswa na mchezo kwisha, ya ngome mstari wa mwisho hatua nne kabla.

Jingine ni saa. Watu hawajui kwamba dakika 3 ni sekunde 180, na mchezo ukienda hatua 40 una sekunde 4 na nusu kwa kila hatua, hapo ndani yake kuna kufikiri na kutelezesha kidole. Yeye hatua 10 za mwanzo anazimaliza kwa sekunde 7 au 8, kwa sababu akiwa na nyeusi anaanza na mpangilio uleule unaoitwa Caro-Kann tu, kila siku Caro-Kann, hajaribujaribu kila kitu anachokiona YouTube, kwa hiyo akiba yote inabaki kwa ajili ya pale katikati ambapo mchezo umeshika moto, hapo utamuona anakaa sekunde 20 kwa hatua moja halafu anakimbia tena. Kujua wapi pa kutumia muda na wapi pa kubana hakuna anayefundishwa siku moja. Na mkono wake hautetemeki, zikibaki sekunde 5 anaanza kuweka hatua mapema kabla mwenzie hajacheza, na anachagua zile ambazo haziwezi kumuua hata mwenzie akijibu vingine. Siku moja alikuwa nyuma ngome nzima, nikajua kwisha, akaanza kumpa yule mtu cheki moja, yaani kumtishia mfalme wake, tishio moja, cheki nyingine, kila hatua mtu inabidi asimame afikirie, mpaka muda ukamuishia yule mwenye ngome zake mbili. Wako wanaodharau ushindi wa namna hiyo. Mimi sidharau, saa ni sehemu ya mchezo kama kete zilivyo.

Sasa nije kwenye kinachoniuma.

Jumamosi moja nilimwita nyumbani kwangu. Nina ubao wa mbao na saa ya kubonyeza, na jirani yangu ni mzee mstaafu aliyesoma Urusi miaka ya 80 na huko ndiko alikojifunza, hana akaunti yoyote mtandaoni. Tukaweka dakika 15 na nyongeza ya sekunde 10 kila hatua. Kijana akaanza mbio kama kawaida yake. Mara ya kwanza kasahau kubonyeza saa, mara ya pili kagusa askofu wakati anataka farasi, na kwenye ubao sheria ni ukigusa kete unacheza hiyohiyo, mzee akamwambia kwa upole tu, "Umeshaigusa mwanangu." Akaniambia, "Ticha, kete zikisimama hivi sioni kama kwenye simu." Nikamwambia tulia utazoea. Basi wakafika mwisho, mzee ana ngome na poni moja, kijana ana ngome, na ile ilikuwa sare kabisa, akapoteza. Alipopoteza nikaangalia saa yake. Ilikuwa na dakika 13. Yaani mchezo mzima katumia dakika chache tu na zile sekunde za nyongeza, wakati mzee alikuwa amebakiza dakika 2 na kidogo.

Sikulala vizuri siku ile. Kijana anaona kuliko sisi wote halafu anapoteza kitu cha kwenye kitabu huku muda amejaa nao mfukoni.

Hiyo sare inaitwa ya Philidor, Mfaransa wa karne ya 18, ina zaidi ya miaka 200. Mfalme wako kakaa mbele ya poni ya mpinzani, ngome yako unaiweka mstari wa tatu ukihesabu kutoka upande wako, mfalme wake hapiti. Unaitembeza ngome huku na huku kwenye mstari huohuo, huna haraka. Siku atakayosukuma poni iingie kwenye mstari huo, ngome yako inakimbia hadi mwisho wa ubao upande wake na kuanza kumpiga cheki kwa nyuma, hana pa kujificha kwa sababu poni imeshamtangulia. Basi. Kijana mwenye michezo maelfu hakuwahi kukaa nayo, na sababu ni kwamba kwenye dakika 3 ikifika hapo mmoja kashaishiwa muda, kwa hiyo kosa halimuadhibu, linapita kimya kimya.

Nikampa mfano wa kwetu. Wagogo tunajua ghala, mtama ukishaingia ghalani unakula mwaka mzima, lakini Dodoma mvua ni msimu mmoja na usipolima msimu huo unakula mpaka unakwangua sakafu. Blitzi ni kula. Ile stoo ya picha kichwani inatumika, inatumika, na kwa kasi ile kinachoingia kipya ni kidogo mno, na kibaya zaidi hata kosa ukilirudia mara 50 nalo linaingia stoo linakuwa picha. Kulima ni kukaa na mchezo mmoja uliopoteza.

Tukakubaliana hivi. Blitzi michezo 10 kwa siku, na iwe ile ya dakika 3 na nyongeza ya sekunde 2, sio 3 kavu, kwa sababu ukiwa na nyongeza mwenzio haishiwi muda kirahisi inabidi umshinde kwa kete, na ndo muda unaotumika kwenye mashindano ya dunia ya blitzi. Wazo lenyewe la saa inayoongeza sekunde ni la Bobby Fischer, bingwa wa dunia wa zamani, ndiye aliyelisajili kama ugunduzi wake mwishoni mwa miaka ya 80, na huyo ni mtu aliyeshinda blitzi pale Herceg Novi mwaka 1970 kwa pointi 19 katika michezo 22 wakati wa pili, Mikhail Tal, ana 14 na nusu, kwa hiyo hakuwa analia kwamba saa inamuonea. Buleti, ile chesi ya dakika 1, nikamwambia weka pembeni kabisa kwa sasa. Hapo alinuna.

Halafu ukipoteza miwili mfululizo unafunga simu. Hili ndo gumu kuliko yote, Mhariri, kwa sababu niliona usiku mmoja akipoteza pointi 130, kila akipigwa anabonyeza mchezo mpya anataka kurudisha, macho mekundu, hajui hata anacheza nini, na kwa kweli usiku ule hata mimi nilimuelewa mama yake.

Kila mchezo aliopoteza anaupitia mwenyewe kwanza, bila injini, yaani programu ya kuchambua chesi, anatafuta hatua ambayo mambo yaliharibika, anaandika sentensi moja kwenye daftari, mfano "niliona malkia wake nikasahau farasi wangu hana mlinzi". Baada ya hapo ndo anafungua injini ya Stockfish kuona kama alikuwa sahihi. Ukianza na injini inakwambia jibu unasema aah kumbe, kesho umesahau. Na mafumbo anayafanya taratibu, hagusi kete mpaka aione njia yote hadi mwisho pamoja na jibu zuri kuliko yote la mpinzani, hata kama ni dakika 10 kwa fumbo moja. Jumatano jioni anakuja kwangu tunakaa na miisho ya ngome na ya poni, na Jumamosi mchezo mmoja mrefu kwenye mbao.

Aliniuliza swali zuri kuhusu mchezaji mmoja maarufu wa Marekani, "Sasa Ticha mbona Nakamura anacheza haraka siku nzima?" Ni kweli anacheza, lakini Hikaru Nakamura alipata ugrandmasta, cheo cha juu cha chesi, mwaka 2003 akiwa na miaka 15, na amekuwa bingwa wa Marekani mara 5 kwenye michezo mirefu. Ghala lake lilijazwa kwanza. Na Magnus Carlsen, Mnorwe aliyekuwa bingwa wa dunia, hivyohivyo. Nikamwambia na hili, 2200 ya Lichess sio 2200 ya FIDE, shirikisho la chesi la dunia, kule Lichess kila mtu anaanzia 1500 na Chess.com nao wana hesabu yao, ukitaka cheo kama FIDE Master unahitaji 2300 iliyopatikana kwenye ubao michezo mirefu. Sio kumvunja moyo, nataka ajue mlango uko wapi.

Mwezi wa kwanza wa mpango huu pointi zikashuka, akaja na simu kunionyesha, kakasirika kabisa. Nikamwambia lima tu. Sa hivi zimerudi na kuzidi kidogo, ila hizo sizihesabu sana. Ninachohesabu ni Jumamosi iliyopita, mzee alimpeleka tena kwenye ngome na poni dhidi ya ngome, kijana akakaa mikono chini ya mapaja asije akagusa kitu, akafikiria karibu dakika 4, akaipeleka ngome mstari wa tatu. Hatua kumi na kitu baadaye mzee akampa mkono wa sare.

Kwa hiyo Mhariri ombi langu ni dogo. Tuko watano na saa moja, wawili wakicheza watatu tunaangalia. Kama kuna mtu Dodoma ana saa ya chesi au ubao umekaa kabatini, au anajua kucheza na ana Jumamosi yake kuanzia saa 9 alasiri, sisi tutahamia pale Nyerere Square kivulini kuanzia wiki ijayo. Wenye watoto wanaocheza kwenye simu waje nao, na simu waje nazo, tutaipitia michezo yao waliyopoteza.

Mwalimu wa hesabu,
Nkuhungu, Dodoma