Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Malindi

Wazazi wenzangu na wanachama wote, asalaam aleikum na hamjambo.

Mambo ya fedha sitayagusa. Mweka hazina atawasomea hesabu baada yangu, na nawaomba mumsikilize hadi mwisho kwa sababu akiba ya dharura imepungua. Mikutano ya kila mwezi tumeifanya yote, ila ule wa masika barabara zilipojaa maji. Muda wangu nataka niutumie kwa swali ambalo limeniandama mwaka mzima, kila baraza niliyokaa: seli mundu, ugonjwa huu wa damu wa kurithi walio nao watoto wetu, ni ugonjwa wa nani?

Shela nimeambiwa ni wa Wagiriama. Kwa Wagiriama nikaambiwa ni wa Waluo wa Kisumu Ndogo. Na mama mmoja kati yetu ameambiwa na mawifi zake kwamba yeye ndiye aliyeuingiza nyumbani kwao. Alirudi kwa mamake akiwa amembeba mgongoni mtoto anayelia kwa maumivu ya mifupa, na hakuna aliyemsindikiza. Wazazi wenzangu, jambo hili limenichoma sana.

Mwaka 1949 Anthony Allison, kijana aliyelelewa humu humu Kenya na aliyekuwa akisoma Oxford, alizunguka nchi akipima damu za watu. Huku Pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria alikuta jamii ambazo zaidi ya watu 20 kati ya 100 wana chembe ya urithi ya seli mundu, iitwayo S. Kwa watu wa nyanda za juu hawakufika hata 1 kati ya 100. Mpwani na mtu wa ziwa hawana lugha moja wala asili moja. Kinachowaunganisha ni mbu. Kule juu kwenye baridi malaria ilikuwa haba. Huku kwetu na kule ziwani ilikuwa inaua watoto mwaka nenda mwaka rudi. Mwaka 1954 akachapisha ushahidi: wanaume 30 wa Kiluo walijitolea kuambukizwa malaria, 15 wakiwa na AS, yaani S ya mzazi mmoja, na 15 wasiwe nayo. Kati ya wenye AS, waliopatikana na vimelea damuni ni 2. Kati ya wasio nayo, 14.

Mwenye AS amerithi S kwa mzazi mmoja tu. Si mgonjwa, na utotoni chembe hiyo humkinga na malaria kali kwa kiasi cha asilimia 90 hivi. Ndiyo maana imeenea Pwani: walioibeba walinusurika, wakakua, wakazaa. Anayerithi S kwa baba na kwa mama ndiye SS, ndiye mtoto wetu. Hakuna SS aliyeletwa na mama peke yake. Mawifi wa yule mama wangempima kwanza kaka yao.

Katika Kilifi yetu, watu wapatao 15 kati ya 100 ni AS. Watu wakioana bila undugu, ndoa 2 hivi katika kila 100 zitakuwa za AS kwa AS, na hapo kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuwa SS. Lakini sisi wengi hatuoi mbali. Mabinamu wana babu mmoja, na S ya babu huweza kushukia pande zote mbili. Nalisema hili kwa heshima, kwa maana mke wangu ni binti wa ami yangu, na ndiyo sababu mimi niko kwenye kiti hiki. Na msidhani kwa kuwa malaria imepungua Kilifi basi S nayo imeondoka. Itarithiwa na wajukuu wa wajukuu zetu.

Mwezi wa Shaabani nilialikwa kwenye posa, Barani. Kabla mahari hayajatajwa, baba wa kijana alivua kofia, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaikunjua juu ya mkeka na kusoma kwa sauti kipimo cha mwanawe: AA, yaani hana S. Watu wakanyamaza. Baba wa binti akaingiza mkono mfukoni, naye akasoma ya bintiye: AS. Ndoa hiyo haiwezi kuzaa mtoto wa SS, na nikahi ilisomwa kabla ya Ramadhani. Nimehudhuria posa nyingi. Hii ndiyo niliyotoka machozi yakinilenga.

Kwa hiyo mwaka huu ninaomba jambo moja. Kila mwanachama mwenye kijana anayechumbia au binti anayeposwa amlete apimwe kabla ya tarehe 19 Juni, siku ya seli mundu duniani. Ikiwa wote wawili ni AS, wakae na mshauri wa kliniki waelezwe vizuri, kisha waamue wenyewe. Na walio na watoto wa SS, penisilini na foliki asidi zisikatizwe hata mtoto akiwa anacheza mpira. Wale wanaotumia dawa ya haidroksiyurea wasikose tarehe ya kupimwa damu.

Mweka hazina, karibu.